Kofia Nyekundu za Watoto wa Mkongo

Tegeni masikio, na mwenye cha kutafuna atafune polepole. Habari hii ni ya wakati ule ambapo mkongo ulikuwa mti usiofungua kinywa.

Ulikuwa mkubwa kama tunavyoujua leo. Kivuli chake kilitosha kijiji kizima kutandika mikeka, na watoto waliposhikana mikono kulizunguka shina lake, siku zote pengo lilibaki, ikabidi mmoja akimbie kumwita mwenzake aliyekwenda kuchota maji. Gome lake lilibanduka kwa vipande vya mviringo kama vigae vya chungu, na kila kipande kilipoanguka kiliacha doa la rangi ya asali, hata shina lote likawa na madoadoa kama chui aliyeamua kukaa kwa amani na watu. Juu huko kwenye matawi yalining'inia maganda yake, mazito, ya kahawia, magumu kama mbao. Upepo ukivuma yaligongana, ko, ko, ko, kama wageni wanaobisha hodi kwa upole.

Lakini maganda hayo hayakupasuka hata mara moja. Mbegu zilizokaa ndani zilikuwa nyeusi tupu, hazina pambo lolote, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuziona. Ganda likizeeka lilianguka likiwa limefungwa vilevile, mchwa wakalila pamoja na vilivyomo. Ndiyo maana mikongo ilizidi kupungua mwaka hadi mwaka, na katika uwanda mzima wa Lichumbu ukabaki mmoja tu, ule uliosimama mwisho wa kijiji, njia ya mashambani inapoanzia.

Katika kijiji hicho aliolewa msichana aliyeitwa Nambunga, akitoka ng'ambo ya mto. Alikuwa na haya nyingi kuliko nywele. Akisalimia, mtu ilimbidi asimamishe mchi wake ndipo amsikie. Wifi yake Nachilo, ambaye yeye alikuwa na sauti ya kumwamsha kobe, alimtania kila siku.

"Wifi," alimwambia, "wewe mtu akikukanyaga kidole utamwomba radhi kwa kuwa na kidole."

Nambunga alicheka kwa kufunika mdomo na kuendelea na kazi. Hakuwa na huzuni, la. Mume wake alikuwa mtu mwema, na Nachilo alimpenda kwa matani yake yote. Ila maneno yalimwia mazito mbele za watu. Kwa hiyo alipotumwa maji, alikuwa akiutua mtungi chini ya mkongo na kukaa na mti ule kidogo. Mti haukumwuliza anatoka ukoo gani wala kwa nini hasemi. Aliegemeza mgongo penye doa moja lililokuwa laini, akainua uso, akayatazama maganda yakigongana kule juu, na moyo wake ukawa mweupe. Alipopata mimba alikuja na tumbo lake. Mtoto alipoanza kucheza tumboni, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mkongo, na mume akaambiwa jioni yake.

Akajifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. "Huyu hakuchukua kwako," Nachilo alisema.

Mtoto akiwa bado mchanga ndani ya nyumba, ngoma kuu ya kijiji ilipasuka. Ilikuwa ngoma ya kuitia watu mavuno yakiingia, na ufuta ulikuwa umeshaanza kukauka mashambani. Bila ngoma hapana sherehe, na bila sherehe watu wa Lichumbu waliona kama hawajavuna kitu. Wakamwendea fundi wa kuchonga, Mchopa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, wakamwambia atafute mti.

Mchopa alizunguka siku nzima, akarudi na jibu: mkongo.

Wapo waliosikitika. Lakini Lichumbu palikuwa na sheria moja juu ya miti, nayo ilikuwa rahisi. Mti wenye watoto hauguswi. Mti usio na watoto unaweza kukatwa ukiwa na kazi. Mchopa aliwachukua wazee, wakainama wote chini ya mkongo, wakafunua majani makavu kwa fimbo, wakitafuta hata mche mmoja wa urefu wa kidole. Hawakuona kitu.

"Mti mkubwa namna hii, na nyumba tupu," Mchopa alisema, akilipapasa shina kwa kiganja. "Basi. Ufuta ukianza kukung'utwa, nitakuja na shoka."

Habari ilipomfikia Nambunga ndani alikolala na mtoto, aliketi wima. Angeweza kulia, angeweza kutoka mbio. Ila Mchopa alikuwa baba mkwe wake. Kwa desturi ya pale mkaza mwana hakusemezana na baba mkwe ana kwa ana. Akimwona njiani alipisha pembeni na kugeuza uso mpaka apite, naye mzee alifanya vivyo hivyo. Mwenye neno alimpa mtu mwingine alifikishe. Hata angekuwa mtu wa maneno mengi, Nambunga asingeweza kumsimamia mzee yule. Akamwita Nachilo, akamnong'oneza.

Nachilo alikwenda kwa baba yake na kurudi.

"Nimemwambia, 'Baba, mke wa kaka anasema mti ule usikatwe, anaupenda.' Unajua kanijibu nini? 'Mwambie mke wa kaka yako kuwa na mimi naupenda. Ningekuwa siupendi ningeuchonga miiko. Ila anionyeshe mtoto wa mti huo, hata mmoja, na shoka litarudi darini.'"

Neno hilo lilimkaa Nambunga kichwani. Mtoto wa mti, hata mmoja.

Siku iliyofuata alfajiri, kabla watu hawajaamka, alijifunga shuka la kuzuia baridi, kama walivyofanya wazazi wa siku zile wanapotoka ndani kwa haja, akapita chini ya mkongo na kuokota ganda moja lililokuwa limeanguka. Aliliweka juu ya jiwe la kusagia, akaligonga kwa jiwe jingine. Lilikataa. Akaligonga tena, likakataa. Alipokuwa karibu kukata tamaa, akaligeuza upande wa mshono, akapiga kwa nguvu zake zote, likaachia.

Nambunga alishika kifua. Ndani mlikuwa na weupe kama wa pamba, na katika weupe huo mbegu zimelala kwa safu, kila moja katika kitanda chake, nyeusi, laini, zinang'aa kama macho ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kumbe unao!" alisema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. "Unao, na umewafungia ndani siku zote hizi!"

Akamwonyesha Nachilo. Nachilo alizigusa, akazinusa, akatikisa kichwa.

"Wazuri, wifi, sikatai. Lakini mtoto wa ndani bado si mtu. Baba atakuuliza, wametolewa nje lini? Nani amewabeba?"

Na hapo inafaa mjue jinsi mtoto alivyotolewa nje Lichumbu.

Mtoto alipomaliza siku zake za ndani, nyanya au shangazi alisaga ufuta uliokaangwa, akauchanganya na unga mwekundu wa mninga mpaka ukawa rojo nzito, akampaka mtoto utosini. Rojo ile iliganda ikawa kofia nyekundu. Ilizuia jua lisimpige mtoto penye ulaini, na tena ilionekana kutoka mbali. Kisha mama alimlaza mtoto kwenye ungo mlangoni, yeye akakaa kando. Mtu yeyote aliyepita na kuona kichwa chekundu hakuruhusiwa kuendelea na safari yake. Alitua mzigo, akambeba mtoto, akasema mbele ya watu amefanana na nani, kisha akamchukua mpaka alipokutana na mtu asiye na mtoto mkononi, akampa. Huyo naye alisema lake, akamchukua mbele. Hivyo mtoto alizunguka kijiji kizima mikono kwa mikono, na jioni mtu wa mwisho alimrudisha kwa mama. Aliyezunguka hivyo alikuwa ni mtu wa Lichumbu, anajulikana, ana watu. Na mama yake siku hiyo alikuwa haguswi, hakaripiwi, wala haondolewi alipo.

Hakuna aliyevunja desturi hiyo. Watu walikumbuka jinsi mwizi wa kuku alivyokimbizwa siku moja akakutana na ungo. Akasimama. Akambeba mtoto, huku kuku akiwa kwapani. Waliokuwa wakimkimbiza nao wakasimama wakihema, wakaanza kubishana naye kuhusu pua ya mtoto, na mpaka walipokubaliana kuwa pua ni ya mjomba, hasira zilikuwa zimekwisha na kuku amerudi nyumbani kwa miguu yake.

Siku ya binti wa Nambunga ilifika. Nachilo ndiye aliyesaga ufuta, na unga wa mninga ulitoka kwenye karakana ya Mchopa mwenyewe, maana vumbi la msumeno wa mninga lilikuwa haliishi kwake. Mtoto akapakwa, akawekwa kwenye ungo, akaondoka mikononi mwa watu akipiga kelele za furaha. Nambunga alibaki mlangoni, mikono mitupu, akitazama bakuli. Nachilo, mtu wa kufanya kila kitu kwa wingi, alikuwa amesaga ufuta wa kutosha watoto wa nyumba nzima ya mapacha. Rojo nyekundu ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

Akaitazama rojo. Akakumbuka mbegu zilizolala weupeni. Wametolewa nje lini? Nani amewabeba?

"Nachilo," alisema. "Usilioshe bakuli hilo."

Jioni, mtoto aliporudi akiwa amelala fofofo baada ya kubebwa na kila mtu, wifi wawili walikaa jikoni na kikapu cha maganda. Nachilo alipasua, Nambunga akapaka. Aliishika kila mbegu kwa upande mmoja, akaichovya upande wa pili kwenye rojo, akaizungusha kidogo ili kofia ikae sawa, akaiweka kwenye majani ikauke. Mwanzoni Nachilo alikuwa akicheka mpaka machozi. "Huyu kofia imemwangukia jichoni! Huyu anaonekana ni mlevi!" Lakini mbegu zilivyozidi kujipanga pale, nyeusi na nyekundu, alipunguza kicheko, akasema kwa upole, "Wifi, wamependeza hawa. Wamependeza mno."

Kulipopambazuka ufuta ulianza kukung'utwa, na ndiyo siku Mchopa aliyosema atakuja. Nambunga alimfunga mtoto mgongoni, akaubeba ungo wake mpaka kwenye mkongo, akauweka kati ya mizizi miwili, pale njia inapopita. Ndani ya ungo aliwapanga watoto wa mti, kofia juu. Kisha haya zikamshika, akajificha nyuma ya shina.

Wa kwanza kupita alikuwa Bibi Mkwinda, akienda shamba na vikapu vyake. Macho yake yalikuwa yameshachoka. Aliona wekundu kwenye ungo, akasimama papo hapo, akatua vikapu.

"Hee! Nani tena amejifungua? Mbona hamkuniambia?" Akainama, akapapasa, akanyanyua kitu kidogo kuliko kidole gumba. Akakileta karibu na jicho. "Mbona ni mdogo hivi? Mwanangu, mama yako alikuwa anakula nini?"

Waliofuata nyuma yake wakaja kutazama, wakaangua kicheko. Kijana mmoja akasema, "Bibi, hiyo ni mbegu. Iweke twende."

Bibi Mkwinda alimgeukia. "Kichwa chekundu ni kichwa chekundu. Nimeshambeba. Wewe ukitaka kuwa mtu wa kwanza Lichumbu kupita kichwa chekundu, pita, tukuone."

Kijana akautazama ungo. Akaitazama njia. Akaweka jembe chini, akachukua wa kwake. "Basi... huyu kafanana na wa Bibi," alisema, watu wakacheka tena. Aliyefuata akachukua, na aliyefuata. Akina mama walisogea na matita ya ufuta vichwani, wakatua, wakachukua. Kila mmoja alitafuta la kusema. Mmoja alisema mtoto ana kipaji cha uso cha babu yake kwa jinsi kinavyong'aa. Mwingine alisema wake ni mweusi wa kwao kabisa, huyo hauzwi. Njia nzima ilijaa watu waliosimama na mikono mbele, wamebeba kwa uangalifu kama wamebeba maji, na hapakuwa na wa kumpa mwenzake kwa sababu kila mtu alikuwa tayari anaye.

Ndipo Mchopa alipofika na shoka begani.

Watu wakampisha. Kwenye ungo alikuwa amebaki mmoja tu, ameketi na kofia yake, anamtazama.

"Nini hiki?" Mchopa aliuliza.

"Mtoto," alisema Bibi Mkwinda.

"Hiyo ni mbegu."

"Na huyo mwanao, baba wa mjukuu wako, alipokuwa tumboni mwa mama yake alikuwa nini, kinu?"

Vicheko vikapita kama upepo. Mchopa hakucheka. Alisogea upande wa kulia wa ungo, kana kwamba anatafuta mahali pa kupita, mguu ukainuka, ukasita hewani. Nyuma ya shina Nambunga alifumba macho, paji la uso amelikandamiza kwenye gome, na moyo wake ukigonga kuliko maganda ya juu. Mguu ule ukipita, mti umekwenda.

Mguu ulirudi chini.

Mchopa alilitua shoka kwenye nyasi. Akapiga goti moja, polepole, kama mtu mzima anavyopiga goti, akaichukua ile mbegu kwa vidole vyake vikubwa. Sasa alitakiwa kusema, na mbele ya watu haikuwa desturi kusema uongo juu ya mtoto. Aliigeuza. Mchopa alikuwa ameshika miti maisha yake yote. Aliusikia ugumu wa mbegu, akauona ung'avu wake, ule ung'avu wa moyo wa mti uliosuguliwa siku nyingi. Akaibonyeza kwa ukucha, ukucha ukateleza. Akainua macho kwenye shina, akayashusha tena.

"Amefanana na mama yake," alisema.

"Sauti, baba!" Nachilo alipaza kutoka nyuma. "Tuliochelewa kuja hatujasikia!"

"Nasema amefanana na mama yake!" Mchopa alinguruma. "Mkongo huu! Haya, mmesikia?"

Kelele za shangwe zilipanda. Lakini mambo hayakuwa yamekwisha. Aliyebeba mtoto lazima ampe mtu asiye na mtoto mkononi. Mchopa alizunguka na mbegu yake, kila aliyemsogelea alimwonyesha kiganja chake kilichojaa. Bibi Mkwinda anaye. Nachilo anaye. Hata yule kijana wa jembe anaye. Mwisho akazunguka nyuma ya shina, na pale alikuwa amesimama mkaza mwanawe, mtoto mgongoni, mikono mitupu.

Wote wawili waligeuza nyuso papo hapo. Desturi moja ilisema ampe, na desturi nyingine ilisema asimkaribie. Mchopa alisimama hivyo, shingo kushoto, mkono kulia, akanyoosha kiganja mbele kama mtu anayepapasa gizani. Nambunga naye, shingo kulia, akakinga. Mbegu ikaanguka mkononi mwake.

Na kwa kuwa amepokea, ikawa zamu yake kusema.

Aliitazama. Kofia yake ilikuwa imekaa upande, ile ambayo Nachilo aliiita ya mlevi. Alisikia uso ukimwaka moto. Kisha akasikia jambo jingine likipanda kutoka tumboni, nalo halikuwa haya. Lilikuwa kicheko.

"Sura ni ya mama yake," alisema, na waliokuwa mbali kabisa walimsikia. "Lakini huu ugumu wa kichwa, ni wa babu yake Mchopa."

Hapakuwa na mkaza mwana aliyewahi kusema hivyo tangu Lichumbu iwe Lichumbu. Nachilo alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, mbegu ikiwa ndani. Mabega ya Mchopa yakaanza kutikisika. Watu walidhani ni hasira. Kumbe mzee alikuwa anacheka, anacheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, akakaa chini kwenye mizizi huku akijifuta macho kwa upande wa kiganja.

"Ni kweli," alisema. "Nimeshindwa. Mjukuu wangu huyo, nimemkubali."

Shoka lilirudi darini. Ngoma ilichongwa kwa mninga mkavu ulioangushwa na upepo kule bondeni, na ikawabidi vijana wote kuuburuta kwa kamba huku wakiimba. Watoto wa mti nao walizungushwa kijiji kizima siku ile, nyumba kwa nyumba. Walionyeshwa majiko, wakaonyeshwa visima, wakaambiwa majina ya watu. Kulipokaribia machweo walirudishwa kwenye ungo, chini ya mama yao.

Lakini kwenye paa la ghala walikuwa wamekaa hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa iliyopinda, na walikuwa wametazama kila kitu tangu asubuhi. Watu walipogeuka tu, waliushukia ungo. Kila mmoja alichukua wake mdomoni, akaruka.

"Wezi! Wezi!" watoto walipiga kelele, wakiokota mawe.

"Waacheni," alisema Bibi Mkwinda. "Nao wameona kichwa chekundu. Mlitaka wapite?"

Hondohondo waliwapeleka mbali kuliko mtu yeyote alivyoweza kupeleka. Wakatua kwenye matawi ya huku na huko, wakala kofia ya ufuta, maana ilikuwa tamu, na mbegu yenyewe ikawashinda kwa ugumu, wakaitupa. Moja ikaangukia kando ya mto, nyingine kwenye mteremko, nyingine katikati ya pori ambalo halikuwa na jina. Mvua ya kwanza iliponyesha, uwanda wa Lichumbu uliota mikongo midogo mahali pote, kila mmoja na majani yake mawili mazito.

Mkongo mkubwa uliyaona hayo yote kutoka juu. Msimu uliofuata, Nambunga alikuwa amekaa na binti yake kivulini, mtoto akijifunza kusimama kwa kushika gome, mara wakasikia juu yao, ta! Ganda limepasuka. Ta! Jingine. Ta, ta, kwenye kila tawi. Maganda yalikuwa yamefunguka wazi kama milango siku ya sherehe, na ndani, katika vitanda vile vyeupe, mbegu zilikuwa zimekaa kwa safu, nyeusi, zinang'aa, na kila moja imevaa kofia nyekundu. Hakuna aliyekuwa amesaga ufuta. Mti wenyewe ulikuwa umewavika watoto wake kabla ya kuwatoa nje.

Nambunga aliita watu. Aliita kwa nguvu, hata waliokuwa mtoni wakaja mbio.

Na kuanzia mwaka ule mpaka huu tunaoishi, mkongo haujafunga tena kinywa. Maganda yake hupasuka kila ufuta unapokauka, na hakuna mbegu yake inayozaliwa kichwa wazi. Hondohondo huja, hula kofia na kutupa mbegu mbali, nayo mikongo imeenea kusini nzima hata hakuna anayeweza kusema upi ni mama na upi ni mwana. Basi nanyi mkipita chini yake mkamkuta mmoja ameketi kwenye majani makavu na kofia yake, msimruke. Mwinueni, semeni amefanana na nani, kisha mpeni aliye mbele yenu.